Saisi wa Makamo: Kuanza Maisha Upya kwa Hatamu ya Farasi



Wasomaji wetu watukufu, wiki nyingi katika ukurasa huu wa familia huwa tunawazungumzia vijana: masomo yao, ndoa zao na ajira zao. Wiki hii tumeona tumgeukie mtu ambaye aghalabu husahauliwa, naye ni mtu wa makamo aliyepoteza kazi. Kijana akikosa kazi huambiwa avute subira, kwani umri ungali mbele yake. Mzee akichoka, wanawe humpokea na kumtunza. Lakini huyu wa katikati, mwenye miaka 40 na kitu au 50, watoto wake wangali shuleni, wazazi wake wangali wakimtazamia, na yeye mwenyewe aona haya kuomba. Tena aona haya kubwa zaidi kukaa chini ajifunze kazi mpya mbele ya vijana walio rika la wanawe. Wengi hujifungia ndani kwa haya hiyo, na nyumba zao zikaharibika.

Tumemfuata mtu wa namna hiyo kutoka pwani yetu hadi Nairobi, katika mitaa ya Kibera na Kawangware. Tulitarajia kusikia habari za vibanda, uchuuzi na mikokoteni. Tukakuta farasi.

Barabara moja, mitaa miwili

Asiyeijua Nairobi huenda akastaajabu kuambiwa kwamba Kibera, mtaa ambao jina lake hutajwa pamoja na umaskini, unapakana na dunia ya farasi. Barabara ya Ngong hutoka upande wa mjini ikaelekea magharibi. Kushoto kwake ndiko iliko Kibera, na baada yake uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, ambamo mna klabu ya mchezo wa polo. Ukiendelea mbele unafika Dagoretti Corner, na hapo Barabara ya Naivasha inakata kulia kwenda Kawangware. Ukizidi kusonga na Barabara ya Ngong unaukuta uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, kando ya msitu, ambako mbio zimekuwa zikifanyika tangu mwaka 1954. Nyuma ya uwanja huo mna mabanda ya farasi, na kila alfajiri mna watu wanaowalisha, wanaowasafisha na kuwatembeza. Kule Karen vilevile mna shule za kufundishia watoto na watu wazima kupanda farasi. Wengi wa wafanyao kazi hizo hawana magari. Wanatoka majumbani mwao kabla ya jua, wengine kwa miguu, kutoka mitaa kama hii miwili tunayoitaja.

Kibera yenyewe haikuanza kwa hadithi ya umaskini. Jina lake limetokana na neno la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Mwanzoni mwa karne ya 20, askari Waislamu wenye asili ya Sudan, waliotumikia jeshi la King's African Rifles, waliruhusiwa kukaa katika msitu huo pamoja na familia zao. Walikuwa watu waliomaliza miaka ya vita, hawana tena nchi ya kurudi, wakapewa vibali vya kukaa na kulima bila hati za kumiliki. Hati ilikuja kizazi cha wajukuu wao: mwaka 2017 ndipo jamii ya Wanubi ilipokabidhiwa hati ya ekari 288. Kwa hiyo mtu wa makamo anayekuja Kibera kuanza upya anakanyaga ardhi iliyofunguliwa na watu waliokuwa katika hali kama yake.

Neno tulilolisahau

Kabla hatujamleta mwenyeji wetu, tuombe ruhusa tulitaje neno moja. Mtu atunzaye farasi kwa Kiswahili huitwa saisi. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na shina lake ni moja na lile la neno siasa. Leo tukisikia siasa tunafikiria kampeni na vipaza sauti. Lakini wazee wetu wa pwani walikuwa, na baadhi yao wangali, wakisema, "Zungumza naye kwa siasa," wakikusudia kwa upole, kwa taratibu na kwa busara. Maana hiyo ndiyo iliyo karibu na zizi la farasi. Saisi ni mtu amwongozaye mnyama mwenye nguvu kumshinda yeye mara nyingi, na amwongoza kwa upole, kwa sababu kwa mabavu hamwezi.

Tumelitaja neno hili kwa kuwa ndugu yetu tutakayemsimulia, ambaye ametuomba tusimtaje jina, alituambia kwamba kazi yote aliyojifunza imo ndani yake.

Kutoka hotelini hadi zizini

Ndugu yetu huyu ni mzaliwa wa Mombasa. Kwa miaka 19 alifanya kazi katika hoteli ya ufukweni, akapanda kutoka kufua mashuka hadi kusimamia wahudumu wa chumba cha kulia. Mwezi Machi mwaka 2020, janga la korona lilipoingia nchini, wageni waliondoka, hoteli ikafungwa, na ilipofunguliwa tena nafasi yake haikuwapo. Alikuwa na watoto wanne. Kwa muda wa mwaka mzima aliishi kwa kuuza vitu vya nyumbani, kimoja baada ya kimoja, mpaka mkewe alipomwambia kwamba wana jamaa zao Makina, Kibera, na kwamba ni afadhali wakabanane kwa jamaa kuliko kumaliza samani. Mwaka 2021 wakahamia Nairobi. Yeye alikuwa na miaka 46.

Jirani mmoja wa Makina alikuwa saisi. Siku moja alimwambia wanahitajika watu wa kusafisha mabanda, kazi ya siku kwa siku. "Nilimwambia mimi ni mtu wa hoteli, farasi nimewaona katika picha," ndugu yetu alitusimulia. "Akaniambia, farasi naye ni mgeni wa hoteli. Ana chumba, ana kitanda cha nyasi, ana saa zake za kula, na asipohudumiwa atalalamika."

Siku ya kwanza alipewa uma wa kuzolea samadi na toroli. Aliyempokea na kumwonyesha kazi alikuwa kijana wa miaka 24. "Kijana yule aliniita mzee, nami nikamwita mwalimu," alisema. "Neno hilo la mwalimu lilinitoka kwa taabu. Nilikuwa nimezoea vijana kama yeye wanisimamie kwa heshima nikipita. Lakini nilijiambia, ikiwa yeye anajua na mimi sijui, basi mimi ndimi mwanafunzi, na umri haubadilishi hilo."

Tulimwuliza ni nini alichofundishwa. Alituhesabia kwa vidole, na tunayaandika kwa kuwa yana faida. Farasi mkubwa hufika kilo 450 au 500, na asili yake ni mnyama wa kukimbia hatari, si wa kupambana nayo. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote isipokuwa sehemu ndogo mbele ya uso na nyuma ya mkia. Ukimjia kwa nyuma bila kusema, atashtuka na kurusha teke bila ya kukukusudia ubaya. Basi humjia kwa upande wa bega, ukisema naye, umwekee mkono shingoni. Kila siku kwato zake huinuliwa na kusafishwa, kwa kuwa kokoto moja au uchafu uliooza humlemaza, na kila baada ya wiki 6 hadi 8 kwato hukatwa na fundi. Kwa siku moja hunywa lita 30 au zaidi za maji. Na jambo kubwa kuliko yote: farasi hawezi kutapika. Tumbo lake ni dogo kwa kimo chake, limeumbwa lipokee chakula kidogo kidogo mchana kutwa. Akila vibaya au akikosa maji, hupatwa na msokoto wa tumbo, na msokoto huo huweza kumuua kwa muda wa usiku mmoja.

Msokoto huo ndio uliomfanya ndugu yetu akae katika kazi. Miezi minane baada ya kuanza, akiwa zamu ya jioni, alimwona farasi jike mmoja akikwaruza chini kwa mguu, akigeuza kichwa kuutazama ubavu wake, akitaka kulala na kujiviringisha. Alikumbuka alivyofundishwa. Akamwondolea chakula, akamwita msimamizi, msimamizi akampigia simu daktari wa mifugo, na wakati wakimngoja yeye akamshika hatamu akamtembeza. Daktari alifika, akampa dawa, akasema atembezwe tena na asikilizwe tumbo. Walitembea hivyo hadi karibu na adhana ya alfajiri. Kila mara alikuwa akiweka sikio ubavuni mwake, kwa sababu tumbo la farasi mzima halinyamazi, na lile lilikuwa limenyamaza. Kulipokucha likaanza kunguruma, na muda si mrefu farasi akatoa mavi. "Utanicheka," alituambia, "lakini nilifurahi kwa mavi yale kuliko nilivyofurahi siku nilipopandishwa cheo hotelini."

Hatukumcheka.

Harufu ya nguo

Jambo ambalo hakuwahi kulisema nyumbani ni kazi yenyewe. Watoto walijua baba anafanya kazi "ya kusimamia mifugo." Mkewe alijua zaidi, kwa kuwa ndiye aliyefua nguo. Binti yao wa pili, wakati huo akiwa kidato cha 2, siku moja aliambiwa na mwenzake shuleni kwamba baba yake huzoa samadi. Alirudi nyumbani akilia, na kwa wiki kadhaa hakutaka kutembea na babaye njiani.

Tumezungumza na mama wa nyumba hiyo pia, kwa idhini ya mumewe. Yeye alituambia maneno ambayo tungependa kila mke na kila mume ayasikie. "Sikumlaumu mtoto," alisema, "kwa sababu haya aliirithi kwetu. Baba yake alificha, nami nilimsaidia kuficha. Mtoto akiona jambo linafichwa hudhani ni baya. Nikamwambia mume wangu, mpeleke huyu binti akaone."

Alimpeleka siku ya Jumamosi. Binti alisimama mbali na banda kwa woga. Farasi yule yule aliyeugua alimwona saisi wake, akapiga kelele ya kumwita na kutoa kichwa juu ya mlango. Baba akaenda, akaweka mkono shingoni mwake, akasema naye kwa upole. Mama hakuwapo, lakini anasema binti alirudi na swali moja tu: mbona baba hasemi na sisi hivyo?

Ndugu yetu alinyamaza kidogo alipotusimulia hilo. Katika mwaka wake wa kukosa kazi, alikiri, alikuwa mkali nyumbani. Sauti ilikuwa juu kwa kila jambo, na watoto walikuwa wakitawanyika akiingia. Zizini alikuwa amejifunza kwamba farasi husoma mkono na pumzi ya mtu kabla ya maneno yake. Ukimshika hali una hasira, hasira hiyo humfikia kwa kamba. Hakuwa amefikiri kwamba mtoto naye yuko hivyo. Kwa maoni yetu hili ndilo lililomrudishia nyumba yake, kabla hata ya mshahara.

Bibi aliyerudi kwa farasi

Uwanja ule wa Ngong una kisa kingine cha mtu aliyeanza upya, nacho ni cha mtu mashuhuri. Beryl Markham alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa mdogo, akakulia Njoro ambako baba yake alifuga na kufundisha farasi. Akiwa bado kijana alipata leseni ya kufundisha farasi wa mbio, jambo lisilo la kawaida kwa mwanamke wa zama zile. Kisha akawa rubani. Mwezi Septemba mwaka 1936 aliruka peke yake juu ya bahari ya Atlantiki, kutoka Uingereza kwenda Amerika Kaskazini, na mwaka 1942 akatoa kitabu kuhusu maisha yake.

Umaarufu huo haukumtosha kula wala kutulia. Ndoa zake zilivunjika, fedha ziliisha, kitabu kikasahauliwa. Akikaribia umri wa miaka 50 alirudi Kenya, na hakurudi kwenye ndege. Alirudi kwenye kazi aliyoijua utotoni, akaanza tena kukusanya farasi wachache. Katika miaka ya 1950 na 1960 akawa miongoni mwa walimu wa farasi waliofanikiwa zaidi nchini, akashinda Derby ya Kenya mara 6. Siku zake za mwisho aliishi katika nyumba ndogo penye uwanja wa Ngong, na alifariki Nairobi mwaka 1986.

Hatumtaji ili tuyaige maisha yake yote, kwani njia zetu si moja. Tunamtaja kwa jambo mahususi. Alipoanguka, hakung'ang'ania kile kilichompa jina. Alijiuliza ni ujuzi gani mkono wake bado unaukumbuka, akaufuata. Pia tukumbuke kwamba hakuna mwalimu wa farasi aliyeshinda peke yake. Nyuma ya kila kikombe mna masaisi walioamka usiku, na majina yao hayakuandikwa.

Punda wa Kawangware

Si kila mtu atafika kwenye zizi la farasi. Kule Kawangware tulikutana na jamaa ya farasi ambayo watu wa Lamu hawahitaji kuelezwa, nayo ni punda. Mama mmoja, mjane wa miaka 53 aliyekuwa akifua nguo za watu, alitumia zamu yake ya fedha za chama kununua punda na mkokoteni mwaka 2016. Punda huchukua maji, mboga na mizigo ya sokoni, na kijana mmoja wa mtaani huendesha kwa malipo. Kwa fedha hizo mama alimaliza ada ya mwanawe wa mwisho.

Mwaka 2019 punda yule aliibwa usiku. Hakupatikana tena. Ilikuwa ni miaka ya msiba kwa punda wa Kenya: machinjio manne yalikuwa yamefunguliwa nchini, na ngozi zilisafirishwa kwenda China kutengenezewa dawa ya kienyeji iitwayo ejiao. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8 nchini; ile ya 2019 ilikuta takriban milioni 1.2. Wizi ulienea kila palipo na punda. Mwezi Februari mwaka 2020 serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo, mwaka uliofuata mahakama ikaitengua marufuku hiyo, na Februari mwaka 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15. Mtu aliye mbali huona hizo ni habari za biashara. Kwa mama wa Kawangware ilikuwa ni mtaji wake wote, uliotoka kwa miguu minne ukaenda.

Alianza tena. Wenzake wa chama walimkopesha, akanunua punda wa pili mwaka 2020, na safari hii punda analala ndani ya ua, mlango unafungwa kwa kufuli. Amejiwekea kanuni: mkokoteni haupakiwi kupita kiasi alichokiweka, punda hapigwi, na siku moja kwa wiki anapumzika. Kijana anayevunja kanuni hupokonywa hatamu. Tulipomwuliza kwa nini, alisema punda ana tabia ya kuficha maumivu, huendelea kuvuta mpaka siku anapoanguka, na akianguka yeye ameanguka naye.

Sisi tulikumbuka kisa kilichopokewa na Abu Dawud, cha ngamia aliyemlalamikia Mtume (S.A.W.) kwamba bwana wake anamlaza na njaa na kumchosha kwa kazi, na jinsi Mtume alivyomwonya mwenye ngamia amche Mwenyezi Mungu. Mama yule si Mwislamu, na huenda kisa hicho hajakisikia. Lakini matendo yake yamekiafiki kuliko ya wengi wetu. Hapa pwani nasi tuna la kujivunia, kwani kule Lamu mna zahanati ya punda inayowatibu bila malipo tangu mwaka 1987. Basi wenye punda waitumie, na wasingoje mpaka kidonda kitoe funza.

Suala la halali

Najua kuna wasomaji ambao tangu mwanzo wanauliza: je, uwanja wa mbio si mahali pa kamari? Suala hilo ni la haki, na ndugu yetu alijiuliza nalo likamkosesha usingizi.

Farasi ana daraja kubwa katika dini yetu. Surat al-Aadiyaat inaanza kwa kiapo cha farasi wendao mbio, na imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba kheri imefungamana na nywele za paji la farasi hadi Siku ya Kiyama. Mbio zenyewe si ngeni. Bukhari amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi Madina, waliotayarishwa wakikimbia kutoka al-Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa, na wasiotayarishwa kutoka hapo hadi msikiti wa Bani Zurayq. Kinachoharamishwa ni kamari, na uharamu wake uko wazi katika Surat al-Maaida.

Ndugu yetu aliyekuwa akilisha farasi hakuwa akicheza kamari. Hata hivyo alimwendea shekhe wake, akamweleza kazi yake kwa ukweli bila kuficha. Hatutaandika jibu alilopewa, kwa kuwa hukumu ya mtu mmoja katika hali yake haifai kunakiliwa na kila mtu. Kila mwenye shaka aende kwa mwanachuoni aeleze hali yake mwenyewe. Tunachoweza kuandika ni alilolifanya. Ilipotokea nafasi katika mazizi ya shule ya kupanda farasi, ambako watoto hufundishwa na hakuna mashindano ya kuwekeana fedha, alihama. Mshahara ulikuwa pungufu. Mkewe alianza kupika mahamri na kuyauza asubuhi ili kuziba pengo, na hadi leo anauza. "Nilipata usingizi," alisema ndugu yetu, na hakuongeza neno.

Kwa anayetaka kuanza

Kwa wasomaji wetu wa makamo, na kwa familia zao, tumekusanya nasaha tulizopewa na watu hawa wawili.

Kwanza, usingoje kazi iliyo sawa na ile uliyoipoteza. Tazama ujuzi ulio nao, ujiulize unafaa wapi pengine. Msimamizi wa hoteli alikuta kwamba kujua saa za kula, usafi na subira kwa mgeni msumbufu ni ujuzi unaohitajika zizini.

Pili, anayetaka kazi ya farasi aende asubuhi mapema, wakati mazizi yanafanya kazi, aulize kwa adabu, akubali kuanza na samadi. Asiye na uzoefu asijidai kuwa nao, kwa kuwa farasi atamfichua siku ya kwanza, na huenda akamvunja mfupa.

Tatu, linda afya yako. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, na jina la maradhi hayo lenyewe ni onyo. Pata chanjo kabla hujashika uma, vaa viatu vigumu, na kidonda kidogo usikidharau.

Nne, anayenunua punda asitumie fedha zote kwa punda. Abakishe za daktari, za chakula na za kufuli. Na mnyama asinunuliwe mpaka miguu na mgongo wake vimetazamwa na mtu ajuaye.

Tano, na hili ni la familia: usimfichie mtu wako kazi yake ya halali. Mwulize jioni siku ilikuwaje. Mwalike mtoto akaone baba au mama anavyofanya kazi. Haya nyingi hufa siku ile inapoangaliwa usoni.

Tulipoagana na ndugu yetu, jua lilikuwa linakaribia kuzama na alikuwa amebakiwa na farasi mmoja wa kusafisha. Binti yake, ambaye sasa amemaliza shule, alikuwa amemletea chai katika chupa, akasimama karibu na mlango wa banda. Baba aliinua kwato ya mwisho, akaikwangua, akaishusha pole pole kama mtu awekaye sinia ya wageni. Kisha akanawa, akaenda kuswali Magharibi.

Wahenga wetu walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie milango ya riziki ya halali wote walioachishwa kazi katikati ya umri, na azitie nyumba zao upole. Aamin.